Mama, mkanda wa jeshi na jua la saa mbili

Kwa zaidi ya miezi minne mama yangu hakuvaa blauzi. Alijifunga kitenge kiunoni, akajitupia shuka jepesi bega la kulia, na mbavu za kushoto akaziacha wazi katika baridi ya Uyole, baridi ambayo wenyeji wa Mbeya wenyewe huilalamikia. Kitambaa kikigusa upande ule alishtuka kama aliyenaswa na umeme. Mtu akifungua mlango haraka, ule upepo mdogo tu ulimfanya aume meno. Na vidonda vilishakauka siku nyingi. Yalibaki madoa meusi yaliyojipanga kutoka mgongoni hadi chini ya titi, mstari mmoja, upande mmoja.

Ugonjwa wenyewe ni mkanda wa jeshi. Watu wakilisikia jina hilo huwazia UKIMWI na kushusha sauti, na sisi tulinong'onwa mtaani kama wengine. Tulipima kila cha kupimwa. Mama alikuwa na miaka 71, na umri huo peke yake unatosha. Mkanda wa jeshi huletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga aliyoumwa mtu utotoni. Tetekuwanga ikipona, kirusi hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo, kinalala miaka hamsini, sitini, halafu kinga ikipungua kinaamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ngozi hupona. Mshipa wenyewe, hasa kwa wazee, unaweza kubaki umeharibika na kuendelea kupeleka taarifa ya moto mahali ambapo moto umekwisha kuzimwa. Ninafundisha biolojia sekondari, haya yote niliyajua. Kuyajua hakukunisaidia chochote usiku wa manane, ninapomsikia analia taratibu ili wajukuu wasiamke.

Mahali pa kwanza tulipokwenda tuliambiwa ni uzee, tukapewa panado. Mama alirudi amenyamaza njia nzima ndani ya bajaji, na najua kilichomuumiza zaidi siku ile hakikuwa mbavu. Baadaye tulimpata daktari kijana aliyemsikiliza hadi mwisho, akamwanzishia amitriptilini, kidonge kidogo cha kumeza usiku. Akanieleza kwamba maumivu ya mshipa ulioharibika hayasikii panado, na kwamba dawa hii itachukua wiki kadhaa. Akanishauri pia nimwulize kila jioni maumivu ni mangapi, sifuri hadi kumi, niandike kwenye daftari.

Mama alizikataa namba. "Mwanangu, maumivu siyo nyanya uyahesabu." Akaweka vipimo vyake mwenyewe. Siku mbaya kabisa ilikuwa *moto*. Inayofuata, *sindano*. Nafuu kidogo, *siafu*. Kwa hiyo daftari langu la miezi ile lina maneno hayo matatu tu, na mwanzoni ni moto, moto, sindano, moto, sindano, sindano, moto.

Sasa niseme kosa langu. Nilipomtoa Mama kijijini kwake Rungwe na kumleta kwangu, nilimpa chumba cha nyuma, kinachopakana na ukuta wa jirani. Nilikichagua kwa upendo. Ni chumba kimya, watoto hawafiki kirahisi, na dirisha lake ni dogo kwa hiyo baridi haiingii. Nikaongeza pazia zito, tena lile la rangi ya kahawia lisilopitisha kitu. Akilini mwangu mgonjwa ni mtu wa kulazwa: kimya, giza, blanketi. Jiko la mkaa tu ndilo nililokataa lisiingizwe mle, maana kila mwaka tunasikia watu waliolala na jiko wasiamke. Mengine yote niliyafanya. Nikamletea chakula kitandani, nikamletea beseni la kunawa, nikamletea redio. Alikaa mle ndani Aprili, Mei, Juni yote karibu iishe. Aliyekuwa akiamka alfajiri kupalilia migomba yake sasa hakujua kama ni asubuhi au jioni mpaka asikie taarifa ya habari.

Salamu yetu Wanyakyusa ni *ugonile*, nayo maana yake ni kumuuliza mtu kama amelala. Majirani wenye asili ya Rungwe walipokuja kumjulia hali walisimama mlangoni wakasema ugonile, mama, na badala ya kuitikia kama ilivyo desturi, Mama aliwajibu kweli: hapana, sijalala. Niliona watu wakikosa la kusema.

Mwisho wa Juni sakafu ya chumba kile ilianza kubomoka, vumbi la saruji likawa linamkohoza. Nikaita fundi. Fundi akasema atapiga sakafu upya na isikanyagwe kwa siku nne. Usiku Mama angelala na wajukuu sebuleni, lakini mchana sebule ni ya watu wote, na yeye hakutaka kuguswa. Tukamtengenezea mahali kibarazani mbele ya nyumba, upande linakochomoza jua: mkeka, godoro la mtoto, mito miwili ya kuegemea ukutani. Siku ya kwanza alilalamika kutwa nzima. Mwanga unamchoma macho, watu wanamwona kifua wazi, kuku wanamsumbua. Nikamfungia shuka mbele kama pazia la bafu, ajisitiri, juu nikaacha wazi.

Asiyekaa huku anaweza kudhani baridi yetu ni ya mawingu. Julai Mbeya ni kiangazi. Usiku unaganda, lakini kufika saa mbili asubuhi jua limeshapanda juu ya milima, anga ni samawati tupu, na mwanga una ukali ambao nadhani tunaupata kwa sababu ya mwinuko. Ndiyo saa ambayo kila nyumba yenye mzee utamwona mzee ukutani, ameketi kwenye kigoda, anaota jua. Nimewaona wazee wakiota jua tangu nazaliwa. Sikuwahi kujiuliza lolote.

Daftari, siku hizo nne: moto, sindano, sindano, siafu. Usiku wa tatu alilala kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja alfajiri bila kuniita. Niliamka mwenyewe kwa hofu, nikaenda kumsikiliza kama anapumua.

Sakafu ikakauka, nikamrudisha chumbani. Sikuunganisha mambo. Niliona dawa hatimaye imekubali, nikashukuru Mungu. Baada ya siku tano daftari linasema: sindano, moto, moto. Jioni ya ile moto ya pili Mama alinishika mkono na kuniambia kwa Kiswahili, lugha anayoitumia na mimi akitaka nisibishe: "Mama, nirudishe pale nje. Humu ndani yanakua."

Yanakua. Neno hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma.

Nilianza na simu. Nikaweka programu ya kupima mwanga, ile inayotumia kamera ya mbele. Siyo kipimo cha maabara, ila inatosha kulinganisha. Chumbani kwa Mama, saa nne asubuhi, pazia limefungwa na taa inawaka: lux (kizio cha mwanga) 20 na kitu. Kibarazani kivulini, saa hiyohiyo: zaidi ya 5,000. Niliposogea juani namba zilipanda zikapita uwezo wa ile programu. Jicho letu linatudanganya sana katika hili. Linajirekebisha haraka, tunaona chumba "kina mwanga wa kutosha" kwa sababu tunaweza kumwona mtu usoni, kumbe tofauti na nje ni mara mia mbili na zaidi.

Halafu nikasoma usiku mwingi, na nitasimulia yale tu yaliyonifanya nikae wima.

Mwaka 2005 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 89 waliofanyiwa upasuaji wa mgongo. Baada ya upasuaji wengine walilazwa upande wa jengo unaopata jua, wengine upande uliozibwa na jengo jingine. Waliokuwa upande wa jua walipata mwanga zaidi kwa asilimia 46, na kwa kila saa walitumia dawa za maumivu pungufu kwa asilimia 22. Wodi moja, dirisha tofauti.

Nikajiambia labda ni furaha tu. Mtu akiona jua anachangamka. Hata Mama pale kibarazani alipata watu wa kusalimiana nao, joto lilimpiga mgongoni, alimwona mjukuu akitoka shule. Ningejuaje kama ni mwanga? Nikakutana na kazi ya Mohab Ibrahim, daktari wa maumivu wa Chuo Kikuu cha Arizona. Yeye ameeleza kwamba wazo lilimjia kutoka kwa kaka yake, aliyekuwa akiumwa kichwa na kupata nafuu kila akikaa kwenye bustani yenye miti. Mwaka 2017 yeye na wenzake waliwaweka panya kwenye taa za kijani saa nane kwa siku, siku tano. Panya wakawa wanastahimili maumivu zaidi, na hali hiyo ikadumu siku nne baada ya taa kuzimwa. Hata wale ambao mshipa wao wa fahamu uliumizwa kwa makusudi, wakawa wanaumia kwa kuguswa tu, walipata nafuu. Niliposoma hapo niliona mbavu za Mama na lile shuka.

Lakini kilichonimaliza ni lenzi. Panya wengine waliwekewa lenzi za macho zisizopitisha mwanga, wakakaa chini ya taa zilezile za kijani, manyoya na ngozi vikimulikwa kama wenzao. Hawakupata nafuu. Wengine wakavalishwa lenzi za kijani kwenye chumba cha kawaida, wakapata. Kwa hiyo nafuu iliingia kwa macho. Panya wale hawakuwa na majirani wala mjukuu, na joto lilikuwa moja kwa wote.

Toka jichoni inakwenda wapi? Hapa ndipo mwalimu ndani yangu alipofurahi, kwa sababu njia yenyewe imeanza kuchorwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, waliifuatilia kwa panya, wenye viungo vilivyovimba na wasio navyo, kwa mwanga wa kijani hafifu kabisa wa lux 10. Seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zinazotambua rangi ndizo zilizobeba kazi kubwa. Taarifa ikaenda kwenye kituo kidogo ndani ya ubongo, jirani na kile kinachopokea picha za kuonea, chenye seli zinazotengeneza enkefalini. Hii ni dawa ya maumivu inayotengenezwa na mwili wenyewe, ndugu wa mofini. John Hughes na Hans Kosterlitz ndio walioitambua mwaka 1975 huko Aberdeen, Uskochi. Kutoka hapo seli hizo zinapeleka nyuzi zake chini, kwenye shina la ubongo. Mwaka huohuo wa 2022 kundi jingine la China lilionyesha kwamba mwanga mkali wa kawaida nao unapita karibu na njia hiyo na kuishia kwenye eneo la kijivu linalozunguka mfereji mwembamba wa majimaji katikati ya shina la ubongo.

Eneo hilo la kijivu lina historia. Mwaka 1969 David Reynolds alilisisimua kwa umeme kidogo kwenye panya na akaweza kuwafanyia upasuaji wa tumbo bila dawa ya ganzi.

Nilipomweleza mume wangu, ambaye ana shamba la mpunga Mbarali, nilitumia mfereji. Maji yakiingia kwenye mfereji mkuu yanaweza kuwa mengi, lakini jaruba lako linapata kiasi anachoruhusu mtu wa lango. Maumivu nayo yana lango kwenye uti wa mgongo. Ronald Melzack na Patrick Wall waliliandika jambo hilo mwaka 1965. Na mtu wa lango anapokea amri kutoka juu, kutoka ubongoni: fungua, punguza, funga. Mshipa wa Mama uliharibika, yaani maji yanamwagika saa zote. Mwanga hautengenezi mshipa. Unachofanya, kwa jinsi ninavyoelewa, ni kumwamsha mwenye kutoa amri ya kupunguza. Na mimi nilikuwa nimemfungia gizani miezi mitatu.

Mume wangu akauliza, "Kwa hiyo aache dawa?" Hapana. Hatukuacha dawa hata siku moja, na daktari yule kijana nilimweleza kila kitu. Akasema endeleeni na vyote viwili, ila asilitazame jua lenyewe, kichwa kiwe na kofia saa za jua kali, na anywe maji.

Tukapanga hivi. Saa mbili asubuhi Mama anatoka kibarazani, anakaa hadi saa nne. Macho wazi, uso kuelekea uwanjani, siyo kulala amejifunika kitenge usoni kama wafanyavyo wazee wengi wakiota jua. Hilo nilimbembeleza sana, kwa sababu ya zile lenzi. Saa nne anahamia kivulini, chini ya mparachichi, hadi chakula cha mchana. Pazia la kahawia nikalitoa, nikaweka jepesi jeupe. Usiku taa inazimwa mapema na redio nayo.

Julai yote daftari lina sindano na siafu vimechanganyika. Moto inatokea mara mbili, na siku moja kati ya hizo tulikuwa na ukungu na manyunyu toka asubuhi, ila siwezi kulitegemea hilo sana. Agosti, siafu zimezidi. Tarehe 19 Agosti alivaa blauzi. Ilikuwa ya pamba iliyochakaa, ya mkono mfupi, niliyoigeuza mishono iwe nje isimkwaruze. Aliivaa kwa nusu saa kisha akaivua. Kesho yake akaivaa tena.

Na hapa lazima niweke kisa kingine, maana furaha ilinifanya niumize mtu. Mwalimu mwenzangu anaumwa kipandauso. Akizidiwa huingia stoo ya vitabu, anafunga mlango, anakaa gizani. Mimi, nikiwa na jua la Mama kichwani, nikamtoa mle kwa mkono hadi uwanjani, jua la saa saba. Alitapika mbele ya kidato cha pili. Nilimwomba radhi siku ile, na bado naona aibu. Kipandauso na mwanga vina uadui wake. Nilikuja kusoma kwamba Rami Burstein na wenzake wa Boston, mwaka 2016, walipima wagonjwa wa kipandauso kwa rangi mbalimbali: nyeupe, bluu, manjano ya kaharabu, nyekundu, zote zilizidisha maumivu. Kijani ndiyo iliyowaudhi kidogo kuliko zote. Na yule Ibrahim wa Arizona naye, mwaka 2020, akachapisha habari za watu 29 wenye kipandauso waliokaa karibu na taa hafifu ya kijani saa moja hadi mbili kila siku kwa wiki kumi. Siku zao za kuumwa zikapungua kwa takriban asilimia 60. Ni watu wachache, najua, na kila mmoja alijua rangi ya taa aliyowekewa. Lakini nilimpelekea mwenzangu habari hizo nikiwa nimeziandika kwa mkono. Sasa kichwa kikianza kumgonga haendi stoo wala uwanjani. Anakwenda nyuma ya jiko la shule, penye migomba, anakaa katikati. Anasema siku nyingine inasaidia, siku nyingine inabidi arudi gizani. Mimi sisemi tena neno.

Migomba hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa Mama. Oktoba aliomba kurudi kwake. Nilikataa, kisha nikampeleka. Kutoka Uyole unapanda hadi Isongole, halafu barabara inaanza kushuka na kila kitu kinageuka kijani: chai, ndizi, majani ya kando ya barabara, hadi kuta za nyumba zina ukungu wa kijani. Nyumba ya Mama imezungukwa na migomba pande tatu. Tulipofika mchana jua lilikuwa linapita kwenye majani yale mapana, na uwanja mzima, mkeka, mikono yake, vikawa na rangi ile. Aliketi mahali alipokuwa akiketi miaka yote, kwenye kigoda chini ya migomba ya mbele, na hakuna aliyemwambia akae pale. Nilitoa simu nikapima. Lux 900. Nikaifungia simu mfukoni.

Jirani yake wa miaka mingi akaja akiwa na kapu la maharage. "Ugonile," akasema.

"Ndaga fijo," yaani asante sana, Mama akajibu, akasogea ili jirani apate pa kukaa.

Anaendelea na kidonge chake cha usiku. Mpwa wangu anamnunulia Tukuyu mjini. Mimi humpigia simu kila jioni baada ya kusahihisha madaftari, na ninauliza swali lilelile. Jana aliniambia ni siafu.

"Wengi?"

"Wachache. Wanapita tu."